Viinitete ni vizuri lakini havishiki: kabla ya kupandikiza tena tuangalie nini?

Sista_Nachingwea
Wakuu, shikamooni. Kuna mama wa miaka 33, kapandikiziwa Dar mara mbili viinitete (mayai yaliyorutubishwa maabara) vya siku ya tano, daraja zuri. Ukuta wa mfuko wa uzazi ulikuwa milimita 8. Mara zote kipimo cha mimba cha damu kilikuwa hasi. Vimebaki viwili, vimegandishwa. Aombe vipimo gani kabla havijayeyushwa? Na kulala kitandani wiki mbili kunasaidia?

Dkt_Shangani
Marahaba sista. Milimita 8 inatosha, hofu huanza chini ya 7. Ningeanza na mirija ya uzazi. Mrija ulioziba ukajaa maji huyamwaga kwenye mfuko, na uwezekano wa kiinitete kushika hushuka karibu nusu. Altrasaundi inaweza isiuone, kwa hiyo apige eksirei ya mirija. Ukionekana, ukatwe au ufungwe kwanza. Na kwa sisi wa kusini, muulize kama aliwahi kukojoa damu utotoni. Kichocho huweza kuacha makovu hadi kwenye mirija, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo tu, kovu linabaki. Kisha mfuko uchunguzwe kwa kamera: polipu (vinyama), makovu, uvimbe unaochomoza ndani.

Lakini asiambiwe mfuko wake ni mbovu, tafadhali. Kiinitete kizuri machoni kinaweza kuwa na kromosomu (vibeba urithi) pungufu au za ziada, nacho hakishiki hata ufanyeje.

Kulala hakuongezi chochote. Atembee.

Mfamasia_Mikindani
Mimi nashikilia projesteroni, homoni inayoandaa mfuko upokee mimba. Kwa mzunguko wa dawa, yaani mfuko ukiandaliwa kwa homoni za dawa bila yai kupevuka, kiinitete cha siku ya tano huwekwa baada ya siku 5 kamili za projesteroni. Akichelewa kuanza, awapigie simu kliniki wasogeze tarehe, asifiche. Akiandikiwa 400 mg ukeni mara mbili, iwe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Vidonge vya ukeni vya mafuta huyeyuka kwa joto letu, hivyo asiviweke kwenye buti la basi la Dar. Vikiyeyuka vikaganda tena, dawa haijakaa sawasawa, anunue vingine. Siku moja kabla ya kupandikiza apime projesteroni ya damu. Ikiwa chini ya 10 ng/ml, daktari huongeza sindano.

Sista_Nachingwea
Asanteni sana. Akiona damu kabla ya kipimo, aache dawa?

Mfamasia_Mikindani
Hapana! Katika mzunguko huo yai halikupevuka, mwili hautengenezi projesteroni yake. Akiacha, hata mimba iliyoshika inatoka. Aendelee na projesteroni na estrojeni (homoni ya kukuza ukuta wa mfuko) hadi apime damu, siku ya 9 hadi 11 baada ya kupandikiza. Ikiwa chanya, dawa hadi wiki ya 10 au 12.