Naomba ushauri: hatari ya maporomoko ya theluji ni daraja la 2, lakini theluji inaguna chini ya miguu
Ndugu zangu mnaopanda milima ya theluji, habari zenu. Naishi Denver, na huu ni msimu wangu wa pili wa kupanda kwa skii nje ya maeneo yenye walinzi, upande wa Berthoud Pass, njia ya milimani hapa Colorado. Kila asubuhi nasoma taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo kinachotabiri hatari ya maporomoko ya theluji. Jumamosi ilikuwa daraja la 2 kati ya 5, nikatulia. Tulipotoka msituni theluji ikatoa mguno mzito, na ufa ukakimbia mbele ya skii za mwenzangu. Tuligeuza papo hapo. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Najua miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo huporomoka zaidi, na kwamba huku tabaka dhaifu la theluji lililo chini huweza kukaa wiki nyingi. Koleo, fimbo ya kuchokolea theluji na kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa kila mmoja anabeba vyake. Ninapokwama ni hapa: je, mnachimba shimo kukagua matabaka kila safari, au mnabaki kwenye miteremko ya chini ya nyuzi 30, isiyo na mlima mkali juu yake, hadi tabaka litulie?

Na huyu mwenzangu anayeshikilia kuwa daraja la 2 ni salama, nimweleweshe vipi? Ana watoto wawili wadogo.