Tupeane uzoefu: umepanda, umeshuka, au uko palepale walipokuacha wazazi?

Mwana wa Kisauni: Asalamu aleikum ndugu zangu. Wasomi wa jamii husema mtu huweza kuhama tabaka alilozaliwa, akapanda au akateremka. Nianze mimi. Mamangu alipika mahamri Kisauni, hapa Mombasa, saa tisa usiku yuko macho anakanda unga. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa Kenya, wadogo zangu wawili walirudi darasani. Leo mimi ni karani, nina mshahara. Lakini mwenzangu wa meza ya pili tunalipwa sawasawa, naye amenunua kiwanja Mtwapa. Babake alimwachia cha kuanzia. Mshahara wangu unalipa karo za wapwa, dawa za mama na deni la msiba wa mjomba. Kipato ni kimoja, mali ni mbali. Nyinyi je?

Binti Majengo: Kaka, kwetu mali ilikuwepo, ila haikuwa na chini. Babu alijenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, tukaitwa wenye nyumba. Ardhi ni ya mtu mwingine, tunamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mzaliwa wa Mombasa anaijua hii nyumba bila ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya Pwani ya 1908 ilimtaka mtu ajitokeze kudai. Waliodai wakapata karatasi, na wengi waliokuwa wakikaa na kulima miaka yote wakawa maskwota, wakaaji wasio na hati, juu ya udongo wao. Babangu alipotaka mkopo wa cherehani, benki ikamtaka hati. Alibeba risiti za kodi ya ardhi za miaka ishirini, zimefungwa kwa mpira ndani ya mkebe wa biskuti. Afisa alisoma mbili, akafunika mkebe, akamrudishia. Nilikuwa nimesimama kando yake.

Dereva wa zamani: Mimi nimeteremka. Niliendesha trela Mombasa hadi Malaba, mpakani na Uganda. Reli mpya ilipokuja 2017, kisha makontena yakaanza kupandishwa treni hadi Nairobi, safari zilikauka na tajiri wangu akauza magari. Sasa naendesha tuktuk ya mtu Changamwe, jioni napeleka hesabu. Njaa nimeizoea. Linaloniuma ni Mariakani, kituo cha malori njiani, pale mama wa chakula alikuwa akiniwekea kiti.

Mwana wa Kisauni: Pole sana mzee wangu. Max Weber alitenganisha mali na heshima, kwamba haviendi pamoja daima. Wewe umepokonywa vyote viwili.

Mama Kongowea: Nafua nguo Nyali, mtaa wa wenye nazo, nalala Kongowea, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kule maji yanatoka mferejini. Mimi nanunua mtungi kwa mkokoteni, na ukipiga hesabu ya lita moja, mimi ndiye nalipa zaidi. Lakini nataka kusema la binti yangu. Likizo nilikuwa nikienda naye kazini, akacheza na watoto wa pale, akazoea vitabu vyao na namna yao ya kuongea na wakubwa. Juzi daktari alimuuliza swali, akajibu akimtazama usoni. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Binti Majengo: Dada, yuko kidato gani?

Mama Kongowea: Cha tatu. Karo ya muhula huu nimelipa nusu.