Tuanzie wapi kukagua barabara ya zamani yenye taarifa chache za ajali?

Mtoa mada
Wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Kamati yetu imekabidhiwa kazi ya kuangalia usalama wa barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 6, iliyojengwa zamani na isiyotarajiwa kujengwa upya hivi karibuni. Ajali zilizoandikishwa ni chache na zimetawanyika, kiasi kwamba hakuna mahali panapojitokeza kuwa pabaya kuliko pengine. Wenzangu wengi wanataka fedha kidogo tulizonazo ziishie kwenye matuta. Je, kuna namna ya kujua hatari iliko kabla watu hawajaumia?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu mtoa mada, uchache wa ajali zilizoandikwa usiwapumbaze. Kwenye barabara ndogo ndivyo ilivyo, na ndiyo maana ukaguzi wake huisoma barabara yenyewe kuliko daftari la ajali. Ipiteni mchana kwa gari, kwenda na kurudi, kisha usiku, kisha kwa miguu, hasa saa ambazo watoto wanakwenda shule. Usiku ndio utakaoiumbua barabara: kibao kinachosomeka vizuri mchana huenda kimechakaa hata hakirudishi tena mwanga wa taa za gari, na kona mliyoizoea ikawa haionekani mpaka mmeifikia. Mkitembea, tazameni chini. Michirizi ya matairi, vipande vya vioo, ukuta wa kalvati wenye rangi ya magari yaliyoukwaruza, na vinjia vilivyochongwa na miguu pembeni ya lami, vyote hivyo ni taarifa ambazo hazikuandikishwa popote.

Mchangiaji wa pili
Naunga mkono, ila naongeza jambo ambalo wakaguzi wengi hulipita: ukingo wa lami. Katika ukaguzi mmoja nilioshiriki tuliweka rula upande wa ndani wa kona, tukakuta lami imesimama sentimita 12 juu ya udongo. Gurudumu likiteleza hapo, dereva hukata usukani kwa nguvu ili arudi; tairi husugua ukingo bila kupanda, kisha hupanda ghafla, na gari linarushwa upande wa pili mbele ya linalokuja. Dawa yake ni kujaza kifusi cha changarawe na kukishindilia, na lami mpya inapowekwa, ukingo wake uachwe na mteremko badala ya kusimama wima. Changarawe hiyo huliwa na mvua, kwa hiyo itengewe fedha za kuijaza tena.

Kuhusu matuta, siyapingi, lakini tuta lisilo na rangi wala kibao, lililowekwa mahali penye giza, ni hatari mpya mliyoinunua wenyewe.

Mchangiaji wa tatu
Hata hivyo mwendo usiachwe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, yaani kabla dereva hajagusa breki limekwisha kumeza mita hizo na zaidi. Likishushwa hadi kilomita 30, nishati yake hupungua kwa karibu theluthi mbili, kwa sababu nishati hufuata mraba wa mwendo. Kwa hiyo matuta yawekwe pale watu wanapovuka, si kila mahali panapolalamikiwa. Kwenye makutano, mara nyingi kufyeka kichaka kinachomziba dereva anayeingia hutosha, na hilo halihitaji mkandarasi.

Mtoa mada
Nashukuru. Tukishaorodhesha kasoro zote, tuzipange vipi?

Mchangiaji wa kwanza
Kila kasoro ulizieni mambo mawili: ni mara ngapi mtu hukutana nayo, na akikosea hapo ataumia kiasi gani. Shimo dogo linalokera kila siku huweza kusubiri. Ukuta wa kalvati usioonekana usiku, ulio hatua moja kutoka kwenye lami, usisubiri. Pigeni picha kabla na baada, mkiandika tarehe na umbali kutoka mwanzo wa barabara. Na kwa kuwa ajali zenyewe ni chache, mwaka mmoja usio na ajali usichukuliwe kuwa ushahidi. Pimeni mwendo wa magari kabla na baada ya kazi, kwa maana huo hubadilika mapema na hupimika.