Wanawake wa Tanga nasi tuitwe "wagosi"? Naomba ushauri kabla ya kikao cha Jumapili

Binti wa Chumbageni (mtoa mada)
Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za kutwa.

Niko Bagamoyo mwaka wa sita. Tupo watu wa Tanga 32 tuliounda kikundi cha kufa na kuzikana: mmoja akifiwa, wenzake tunachanga nauli na sanda, msiba unafika nyumbani. Mimi ni katibu. Sasa tunataka kukisajili kwenye halmashauri na katiba inadai jina. Wazee wametoa "Wagosi wa Kaya Bagamoyo". Watu walipiga makofi, nami nikapiga, ila nilirudi kwangu na donge kooni.

Mgosi kwa Kibondei na Kizigua ni mwanamume. Mwanamke ni mvyele. Katika hao 32, wanawake tuko 19, na ndio tunaokesha na wafiwa. Tunao pia Wadigo watatu na Msegeju mmoja, neno hilo si la kwao.

Halafu kuna mimi mwenyewe. Bibi mzaa mama ni Mbondei wa Muheza. Babu mzaa baba alikuwa Muha wa Kigoma, aliletwa kukata mkonge, manamba. Kiha sikijui, Kibondei nakisikia tu. Nilipokwenda kusoma Dar es Salaam kila mtu aliniita "mgosi", na nililipenda mno jina lile, maana lilinipa kwetu bila kuniuliza babu yangu nani. Ndiyo maana naumia. Sitaki litupwe, wala sitaki kuwa mgeni ndani yake. Niseme vipi mbele ya wazee nisionekane nimewadharau?

Mgosi wa Handeni
Dada, liache. Neno limeshatanuka. Timu yetu ya mpira Coastal Union ni Wagosi wa Kaya, na walipochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 mama yangu alishangilia mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyemwambia jina si lake.

Mvyele wa Magila
Kaka yangu, uwanjani ni uwanjani. Mimi nilikuwa mke wa mwanachama kwenye chama cha namna hiyo, jina la kiume na katiba ya kiume. Mume wangu alipofariki walimzika vizuri, nawashukuru. Miezi minne baadaye nikafiwa na mwanangu, nikaambiwa mwanachama alikuwa marehemu, mimi simo kwenye daftari. Nilikopa jeneza. Binti, kabla ya jina, soma kifungu kinachosema mwanachama ni nani.

Kijana wa Miono
Samahani naingilia. Mimi Mzigua wa Miono, hapa hapa wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani. Kizigua nazungumza tangu utotoni, kwa hiyo mgosi ni mimi kabisa, na Tanga sijawahi kulala hata usiku mmoja. Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani pale Saadani alikuwa wa huku kwetu. Mkiandika "Wagosi" bila neno Tanga, nitakuja na kiingilio changu mkononi. Mtanikataa?

Mtu wa Pwani
Chukueni "Watu wa Mrima". Mrima ni mwambao wote huu unaotazamana na Unguja, Tanga imo, Pangani imo, Bagamoyo imo.

Wa Soni
Na sisi wa Lushoto kwenye baridi? Mrima siyo kwetu.

Mzee wa Korogwe
Marahaba mwanangu. Majina mengi tunayoyaita ya kabila yalianza kuwa majina ya mahali. Mbondei ni mtu wa bondeni, pale Muheza, kati ya mlima na bahari. Mshambaa ni mtu wa Shambaai, juu kwenye migomba. Ukishuka nyika umeshatoka Shambaai. Watu walihamia, wakaoa, wakalima, wajukuu wakaitwa kwa ardhi waliyokulia. Hata Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa kutoka Vugha, masimulizi yao wenyewe yanasema Mbegha alikuwa mwindaji mgeni kutoka Ngulu. Aliua simba, akawagawia watu wa mlimani nyama, nao wakampa utawala. Mgeni yule akawa Simba Mwene, yaani mfalme. Kama yeye aliweza, mjukuu wa mkata mkonge atashindwaje kuwa mtu wa Tanga?

Nikwambie na la babu yako. Manamba waliitwa hivyo kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Mkonge uliletwa mwaka 1893, na wengi waliolima mashamba yale na kuukata walitoka mbali kama yeye. Tanga hii imejengwa na mgongo wake pia. Usiombe ruhusa ya kuwa wa Tanga.

Kuhusu wazee: usianzie kikaoni. Mzee akisikia jambo mara ya kwanza mbele za watu, atalitetea lake hata kama moyoni limemtoka. Nenda kwa mwenyekiti jioni, kaa barazani, useme umekuja kuuliza.

Mchetu wa Moa
Mdigo wa Mkinga hapa. Kwetu mwanamume ni mlume, mwanamke mchetu. Lakini mgosi halinikwazi sana kuliko hilo "kaya". Kwenu kaya ni nyumbani. Kwetu Wadigo, kama kwa Mijikenda wengine, kaya ni ule msitu wa wazee, mahali pa matambiko, huingii hivi hivi. Kuliweka kwenye daftari la michango naona uzito. Waulize hao Wadigo wenu watatu, huenda wananyamaza kwa adabu tu.

Binti wa Chumbageni (mtoa mada)
Nimerudi. Nilikwenda kwa mwenyekiti jana baada ya Magharibi, kama Mzee wa Korogwe alivyonielekeza. Alinisikiliza kimya. Kisha akamwita mkewe kutoka jikoni, akamuuliza: "Wewe ni mgosi?" Mama akajibu: "Mimi mvyele, na michango ya msiba uliopita niliipitisha nyumba kwa nyumba mimi." Mzee akainama kidogo, akasema Jumapili nilete jina la pili, yeye mwenyewe atalisoma.

Nitapeleka "Watu wa Tanga Bagamoyo". Wagosi libaki la kuitana na kuchangamshana. Wadigo wetu nimewauliza. Mmoja amesema la kaya lilimsumbua tangu siku ya kwanza. Kijana wa Miono, njoo Jumapili na kiingilio chako, nitakuombea nafasi.

Mvyele wa Magila, pole sana mama yangu. Nimeandika hivi: "Mwanachama akifariki, mjane au mgane wake ataendelea kuwa mwanachama bila kulipa kiingilio upya." Inatosha?

Mvyele wa Magila
Ongeza na watoto wake walio chini ya miaka 18. Na majina yao yaandikwe daftarini sasa, wazazi wakiwa hai.