Series III yenye injini ya Toyota 3L: ibaki na difu ya 4.7, iwekwe 3.54, au ovadraivu?

SpringiZaMbele
Wakuu, heshima kwenu. Kuna Land Rover Series III fupi (88, yaani inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) inaungwa. Injini ni Toyota 3L ya dizeli, cc 2779, imefungwa kwa pleti kwenye giaboksi ya Land Rover yenyewe ya gia nne, na transfa (kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma, chenye gia nyepesi ya barabarani na nzito ya shamba) ni ile ile. Ekseli zote mbili bado zina difu za 4.7 (propela, shafti inayotoka kwenye transfa, inazunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja). Tairi ni 7.50R16. Kazi ya gari ni Dar hadi Iringa, watu wanne na mzigo wa kilo 300 hivi, na barabara za mashamba wakati wa masika. Hakuna trela.

Chaguo zilizopo mezani: kuacha 4.7, kuweka difu za 3.54 za Range Rover ya zamani mbele na nyuma. Au kubaki na 4.7 na kufunga ovadraivu ya Fairey (kisanduku cha gia ya ziada kinachopunguza mizunguko ya injini). Naomba hoja zenye namba.

Krauni_na_Pinioni
Mkuu, usianze na difu. Anza na tairi, kisha uzidishe kila gia iliyo kati ya injini na tairi. Piga alama ya chaki kwenye tairi na chini, gari likiwa na mzigo na upepo sahihi, lisukume tairi lizunguke mara tano, pima kwa tepu, gawa kwa tano. 7.50R16 itakupa karibu mita 2.45.

Watu wengi husahau transfa. Kwenye Series III gia nyepesi ya transfa si moja kwa moja, inapunguza kwa 1.148. Kwa hiyo gia ya nne ukiwa na 4.7, upunguzaji wote ni 5.40. Ukiwa na 3.54 (kamili ni 46 kwa 13, yaani 3.538) ni 4.06. Ukiwa na 4.7 na ovadraivu ya 0.782 ni 4.22.

Kwa tairi la mita 2.45:

Spidi 80 (km kwa saa): difu 4.7 inataka rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,940, 3.54 inataka 2,210, 4.7 na ovadraivu 2,300.
Spidi 100: 3,670, 2,760, 2,870.

3L inatoa nguvu yake ya juu kwenye 4,000 na torki yake kubwa karibu na 2,400. Kwa hiyo 4.7 peke yake kwenye lami ni kelele na mafuta bure, na mwendo wa 100 kwa saa nyingi unaichosha injini. Mimi nasema 3.54. Pinioni yake (gia ndogo inayozungusha krauni, gia kubwa ya difu) ina meno 13 badala ya 10, ni nene, ni imara kuliko ya 4.7.

Mama Ekseli
Namba za Krauni ni sahihi, lakini zote ni za tambarare. Njia ya Iringa inapita mlima wa Kitonga, na gari hili halitapanda Kitonga kwa spidi 80. Tufanye hesabu ya 60.

Kwa spidi 60, 4.7 gia ya nne inazungusha injini 2,200. Hapo 3L iko karibu kabisa na torki yake, inavuta. 3.54 gia ya nne ni 1,660, injini inagugumia na moshi mweusi unaanza. Utarudi gia ya tatu (1.50) na kufika 2,490. Inapanda, sawa, ila mlima ukiwa mkali zaidi na spidi ikashuka hadi 45, uko 1,870 gia ya tatu na ya pili (2.22) inakupeleka karibu 2,760. Gia za Series zimepangwa kwa ajili ya 4.7. Ukiweka 3.54, nafasi kati ya gia na gia haibadiliki kwa hesabu, ila zote zinasogea kwenye mwendo ambao huutaki.

Ongeza na urefu kutoka baharini. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Iringa iko juu ya mita 1,500, kwa hiyo ukifika kule 3L yako imepungua kama sehemu moja ya saba.

Na kuondoka je? Gia ya kwanza ni 3.68. Kwenye gia nyepesi za transfa, 4.7 inakupa upunguzaji wa karibu 19.9, 3.54 inakupa 15. Kuondoka mlimani na mzigo kwa 15 ni kuichezea klachi kwa mguu kila mara. Klachi ndiyo inayolipa gharama ya difu ya mbio, na kwa gari la kuunga klachi haitoki bila kuondoa sakafu na giaboksi.

TopeNaMchanga
Naongezea upande wa shamba. Gia nzito ya transfa ni 2.35. Kwanza, nzito, 4.7: 40.6. Na 3.54: 30.6. Kwenye utelezi wa kuteremka, ile 40 ndiyo inayokushusha bila kugusa breki. Kama masika ni kazi ya kweli ya gari hili, hii ni hoja nzito kuliko kelele ya lami.

Kuna njia nyingine haijatajwa: seti ya gia za transfa zinazobadilisha gia nyepesi tu, nzito inabaki kama ilivyo. Ni nzuri sana, ila inabidi kuagiza nje, na transfa ifunguliwe yote. Difu za 4.1 za kuagiza zipo pia: spidi 80 utapata 2,560, spidi 60 utapata 1,920. Kwa hesabu ndiyo iliyo katikati. Kwa bei ya seti mbili mpya za krauni na pinioni, pamoja na fundi wa kuzipanga, siipendekezi.

Mgeni_wa_Spana
Samahanini wakuu, kama 3.54 imepatikana moja tu, haiwezi kuwekwa nyuma peke yake? Nyuma ndiko gari linakovutwa kwenye lami.

Mama Ekseli
Hapana, mdogo wangu, na sababu yake ni hii. Kwenye Series, ukiweka transfa kwenye gia nzito, tairi za mbele zinaingia zenyewe, hazisubiri uziruhusu. Mbele 4.7 na nyuma 3.54 zinataka kwenda mwendo unaotofautiana kwa theluthi nzima. Hata tope halitoshi kuteleza kiasi hicho. Kitu dhaifu kitakatika: hafu shafti (shafti ya kutoka difu hadi tairi), au jointi ya propela, au gia ndani ya transfa.

Ukiwa na habu za kufungua mbele na ukiziacha wazi, gari litatembea, hata kwa gia nzito. Lakini hapo torki yote ya gia nzito inapita kwenye hafu shafti mbili za nyuma zenye meno 10, na hizo zinajulikana kwa kukatika. Fanya hivyo tu kulitoa gari gereji moja kulipeleka nyingine.

Krauni_na_Pinioni
Mama Ekseli amenisogeza kidogo kuhusu mlima, nakubali. Bado, kwa gari ambalo asilimia kubwa ni lami, 3.54 ina faida moja ovadraivu haina: hakuna kitu cha ziada cha kuharibika. Fairey ni kisanduku kidogo chenye oili yake chenyewe. Oili ni kidogo, ikivuja haichukui muda beringi na koni zinaisha, na vipuri ni vya kuagiza. Isitoshe ilitengenezwa kwa ajili ya injini za Land Rover za wakati ule, na 3L ina torki zaidi ya ile dizeli ya 2.25. Atakayeifunga akague oili yake kila wiki, na asipande mlima mguu chini ovadraivu ikiwa imeingia. Aitoe kabla ya mlima, aiingize tena juu.

Kama utaamua 3.54, haya ndiyo ya kukagua kabla ya kutoa pesa:

Nunua difu nzima ikiwa imefungwa kwenye nyumba yake. Usinunue krauni na pinioni pekee. Kina cha pinioni na mkao wa krauni vinapangwa kwa shimu na kupimwa kwa geji ya saa, uchezaji wa krauni uwe milimita 0.20 hadi 0.25. Ukikosea, difu italia ukikanyaga mafuta au ukiachia, na meno yataanza kumeguka.

Hesabu meno ndani ya gia za pembeni, pale hafu shafti inapoingia. Series inataka 10. Range Rover na Discovery za baadaye zina 24, hafu shafti zako haziingii.

Angalia flanji. Discovery ya kwanza ina raba kwenye propela ya nyuma, flanji yake haikubali propela ya Series. Ilinganishe na yako kabla ya kuondoka dukani.

Kuhakiki namba gari likiwa limefungwa: gia huru, inua tairi moja tu la nyuma, lizungushe mara mbili kamili, hesabu mizunguko ya propela. Karibu mitatu na nusu ni 3.54. Karibu minne na robo tatu ni 4.7. Weka mawe kwenye tairi zilizobaki, maana hendibreki ya Series inashika propela, na tairi moja likiwa hewani haizuii gari.

TopeNaMchanga
Kuhusu kufunga: nyuma ni kazi ya nusu siku. Mwaga oili, fungua boliti sita za flanji ya habu, vuta hafu shafti nje sentimita 30, toa propela (boliti nne, spana 9/16), kisha nati 10 za difu. Difu ni zito, wawe watu wawili. Mbele ni kazi tofauti, kwa sababu hafu shafti zina jointi ndani ya mpira wa usukani (ule wa chuma wa duara), lazima uvute habu pamoja na mpira wake, na paipu za breki zifunguliwe. Bajeti ya gasketi, sili na kutoa upepo kwenye breki iwemo. Oili EP90, lita 1.7 hivi kila ekseli, na uzibue tundu la kupumulia la ekseli, likiziba oili inatoka kwenye sili za habu.

Wenye 109 (Series ndefu) wasidanganyike na mjadala huu. Nyingi za Series III ndefu zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ile yenye kifuniko cha boliti kwa nyuma. Hiyo difu haitoki mbele kwa nati 10, na ya Range Rover haiingii.

Mgeni_wa_Spana
Ahsanteni. Na spidomita?

Krauni_na_Pinioni
Inaendeshwa kutoka kwenye transfa, baada ya ovadraivu na kabla ya difu. Ukifunga ovadraivu, spidomita inabaki kweli. Ukiweka 3.54, ikionyesha 60 unakwenda 80. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu: ikionyesha umetembea 5,000, injini imetembea zaidi ya 6,600, kwa hiyo badilisha oili mapema au irekebishwe.

SpringiZaMbele
Wakuu, nimeelewa. Swali moja la mwisho: giaboksi ya Toyota ya gia tano nayo inapatikana, pamoja na transfa yake. Inabadilisha jibu?

Mama Ekseli
Inalibadilisha kabisa, mkuu. Transfa ya Hilux gia nyepesi ni moja kwa moja, ile 1.148 inaondoka. Gia ya tano ikiwa 0.85, difu ya 4.7 inazungusha injini 2,170 kwa spidi 80, na gia ya nne bado unayo, 2,560 kwa spidi hiyo hiyo. Hapo difu usiziguse. Pima kwanza propela ya mbele inatokea upande gani wa transfa hiyo, kwa sababu difu ya mbele ya Series iko kulia. Ikigoma, rudi kwenye giaboksi ya Land Rover na ovadraivu iliyo nzima, na hela ya 3.54 iende kwenye breki. Hizo dramu za inchi 10 za gari fupi si za kutegemea kwenye spidi 100. Dramu za inchi 11 za 109 zinafungwa pamoja na beki pleti zake.