Mrejesho: slaidi za malaria kwa klabu ya kidato cha tatu

Asanteni kwa majibu. Swali lilikuwa kwa nini slaidi za damu za klabu yetu hapa Kisumu zinatoka nyekundu tupu, ilhali wanafunzi wanaotaka kusomea maabara ya tiba wanatafuta vimelea vya malaria.

Tatizo ni maji ya kuchanganyia rangi. Giemsa, yaani rangi ya kupaka slaidi ili vimelea vionekane, inataka bafa (maji yenye chumvi za kushikilia pH, kipimo cha asidi) ya pH 7.2; pH ikishuka, samawati hufifia na vimelea hupotea machoni. Sasa ni mililita 1 ya Giemsa kwa mililita 9 za bafa, dakika 8 hadi 10. Ichanganywe papo hapo: ikilala huacha chembechembe ambazo mwanafunzi ataapa ni vimelea!

Jingine, slaidi ina matabaka mawili ya damu: jembamba, lililosambazwa, na nene, la tone zito. Methanoli, spiriti ya kugandisha damu kwenye kioo, ni ya tabaka jembamba pekee. Hata mvuke wake ukifika tabaka nene, chembe nyekundu hazipasuki wakati wa kupaka rangi, na zinaficha kila kitu. Kwa hiyo slaidi ishikwe wima, upande wa tabaka nene ukiwa juu, na ikauke hivyo hivyo.

Kutoa damu kunabaki kazi ya mhudumu wa maabara; wanafunzi wavae glavu. Lenzi ya hadubini ni ya kukuza mara 100, pamoja na mafuta yake ya kuweka kati ya lenzi na slaidi.