Kasuku akiwa nje ya tundu, nimzuie vipi asitoroke?

kasuku_mpya

Wadau, salaam. Nina kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, umri miezi tisa, uzito gramu 430. Akiwa tunduni sina wasiwasi. Kinachonisumbua ni zile saa mbili tatu za jioni anapokuwa nje. Chumba kina madirisha mawili, na mlango wake unafungukia uani moja kwa moja. Mkononi anapanda vizuri, lakini akishafika juu ya kabati hata nimwite vipi haji. Kuna wanaoniambia nimkate mabawa yaishe, na kuna wanaosema nimvalishe mkanda. Kipi kinatangulia, na kinafanywaje? "Kuwa makini" nimeshaambiwa vya kutosha, sasa nataka hatua.

fundi_wa_tundu

Mkuu, mabawa yaache kwanza, shughulika na mlango. Kasuku hahitaji ujanja ili apotee. Mara nyingi hutolewa na mtu aliyesahau kwamba amekaa begani mwake, au huponyoka pale mgeni anapoingia bila kubisha hodi.

Mlango unaofungukia nje moja kwa moja haufai kwa chumba cha kasuku. Unahitaji milango miwili isiyofunguliwa kwa wakati mmoja. Kama nyumba haina ukumbi wa kati, tengeneza fremu ya mbao yenye wavu upande wa ndani wa mlango huo, kina chake kama mita moja: mtu anaingia, anafunga nyuma yake, anatazama juu na mabegani, ndipo anafungua wa pili. Mlango wa wavu uwekee springi ili ujifunge wenyewe. Pazia la shanga au la vitambaa lisikudanganye, atapenya katikati yake kama maji.

Madirishani, wavu wa mbu wa plastiki ni wa kuzuia mbu. Kasuku wa kijivu akiamua kuutafuna, hautachukua muda. Tumia wavu wa chuma kisichoshika kutu, vijicho vyake visizidi sentimita 2 kwa ndege wa ukubwa huo (kwa kasuku wadogo wa gramu 30 au 40 shuka hadi sentimita 1.2). Waya wa mabati uepuke kwa sababu umepakwa zinki, na kasuku akiulamba na kuutafuna kila siku anakula sumu. Ufunge kwenye fremu kwa skrubu na washa pana. Pini za stapla huanza kuachia kwenye kona, na kona ndiko anakoanzia kazi. Ukimaliza, bonyeza kila kona kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikibonyea, rudia.

Vioo navyo si ulinzi. Ndege aliyeshtuka huona upande wa pili tu, akagonga kioo kwa kasi yote. Shusha pazia jepesi au bandika vipande vya karatasi kioo kizima. Pangaboi zima, subiri lisimame kabisa, ndipo ufungue tundu. Mlango wa jikoni na wa choo ufungwe.

Sasa jambo dogo ambalo watu hulidharau: kitambaa chekundu. Funga kimoja kwenye kitasa cha mlango, ndani na nje, kila kasuku anapotolewa, na ukiondoe akisharudi tunduni. Wenye nyumba wote wajue kwamba kitambaa kikiwapo hakuna kufungua kabla ya kuuliza, na anayejibu ni mtu mmoja tu, yule mwenye zamu ya ndege. Zamu ikiwa ya wote, huwa si ya yeyote.

Usisahau na tundu lenyewe. Mlango mkubwa watu huutilia komeo, wakaacha vile vilango vidogo vya bakuli vinavyopandishwa juu. Kasuku huingiza sehemu ya juu ya mdomo chini ya ukingo, hunyanyua, hushikilia kwa ulimi, kisha husukuma kwa kichwa. Kila kilango kitie kulabu ya chuma yenye skrubu ya kuzungusha, na ncha ya skrubu itazame nje. Ya springi tupu atajifunza kuibonyeza.

bawa_zima

Naunga mkono hapo juu. Kuhusu kukata mabawa, mimi siafiki, ila nieleze kwa sababu na si kwa huruma.

Kila bawa la kasuku lina manyoya makuu kumi ya kumsukuma mbele. Wakataji hupunguza matano hadi saba ya nje, pande zote mbili sawa. Likikatwa bawa moja tu, anapinduka hewani na kuangukia kifua. Kasuku wa kijivu ni mzito kwa umbo lake, na akikatwa kupita kiasi huanguka kama jiwe, ngozi ya kwenye mfupa wa kifua ikapasuka. Akiwa mchanga namna hii, asiyejua bado kuruka sawasawa, hofu hiyo hubaki naye.

Hata hivyo, sababu kubwa ni nyingine. Manyoya hayo huota tena, na hayaoti kwa pamoja. Leo umeota unyoya mmoja, baada ya majuma kadhaa mwingine, wewe bado unasema "wangu amekatwa" na unatoka naye uani begani. Siku upepo ukivuma kidogo, manyoya mawili matatu mapya kila upande yanatosha kumpandisha juu ya mti. Na akifika huko hawezi kuongoza mwili wala kurudi, maana hana mazoezi. Ndiyo maana waliokatwa hupotea pia, tena hupotea vibaya.

Kama daktari wa ndege ameshauri akatwe kwa sababu maalumu, yafanywe na mwenye ujuzi, na mabawa yakaguliwe kila juma. Unyoya mpya ambao shina lake bado lina damu, la rangi ya zambarau iliyoiva, haukatwi. Ukikatwa au kuvunjika bomba lile humwaga damu, na ndege huyu hana damu ya kupoteza. Bana kwa kitambaa safi chenye unga wa wanga, umpeleke kwa daktari.

mwita_ndege

Haji kutoka kabatini kwa sababu mbili, na kiburi hakimo. Kwanza, hajui kushuka. Kuruka kwenda juu ni silika, lakini kushuka kwa mteremko mkali hufundishwa. Pili, yawezekana kila akija kwako anarudishwa tunduni. Amejua hesabu hiyo.

Anza kabla ya chakula cha jioni, akiwa na hamu na si njaa. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Akipungua kuelekea asilimia 10 ya uzito wake, yaani gramu 43 kwa huyu wako, acha mazoezi umwone daktari. Chagua tuzo moja anayoipenda kuliko zote, kama mbegu ya alizeti, uiondoe kabisa kwenye bakuli lake. Vipande viwe vidogo, maana mbegu nzima inachukua muda kumenywa na somo linapoa.

Mweke kwenye mgongo wa kiti, nyoosha mkono umbali wa hatua moja ya miguu yake, toa mwito uleule kila mara (neno fupi au mluzi), akipanda mpe. Kisha sentimita 30, hapo lazima aruke kidogo. Kisha mita moja, tatu, kutoka chumba hadi chumba. Dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, na uache akiwa bado anataka. Akikosa mara mbili mfululizo, punguza umbali. Kamwe usirudie mwito mara kumi huku amekaa tu, unamfundisha kwamba mwito ni kelele. Na usiutumie kumwita kwa jambo asilolipenda, kama kukatwa kucha.

Kushuka kunafundishwa hivi: mpandishe juu ya kiti, mkono wako uwe chini kidogo ya miguu yake, kisha juu ya meza, halafu juu ya mlango uliofungwa, mwisho kabatini. Simama mbali kidogo na kabati ili mteremko uwe wa polepole. Ukisimama chini yake kabisa, unamwomba adondoke wima, naye hawezi. Wengi hukosea hapa, wakasema ndege ni mkaidi.

Katika kila mara tano anazokuja, mara nne mwache aende zake.

Jifunze pia kumsoma kabla hajaruka. Manyoya yanabana mwilini ghafla, anakuwa mwembamba, shingo inarefuka, anainama mbele na kukunja miguu, pengine anatoa kinyesi kidogo. Hapo una sekunde moja. Usimrukie. Ongea naye kwa sauti ya kawaida na umnyooshee mkono.

kasuku_mpya

Shukrani sana. Kumbe nilikuwa nasimama chini ya kabati kabisa! Na mkanda je? Nataka awe anapata jua uani.

mkanda_na_kamba

Kwa ajili ya jua tu, kitundu cha kubebea kinatosha, mlango wake ukiwa umefungwa kwa kulabu, na nusu yake iwe na kivuli ili ajitoe kwenye joto. Hilo unaweza kuanza kesho. Mkanda ni mradi wa majuma.

Mkanda wa ndege hupita shingoni na nyuma ya mabawa, kamba ikishikwa mgongoni. Kamba haifungwi mguuni hata siku moja. Kasuku akiruka na kamba ikimkatiza, uzito wote unabebwa na mfupa mwembamba wa mguu, na huo huvunjika. Kamba yenyewe iwe na sehemu inayovutika na isiwe ndefu mno, kwa sababu kadiri anavyopata nafasi ya kushika kasi ndivyo mshtuko wa mwisho unavyokuwa mkubwa.

Siku za kwanza mkanda ulale tu karibu na bakuli lake. Kisha atoe mbegu ndani ya kitanzi cha shingo kwa kuingiza kichwa mwenyewe. Akishazoea kichwa, ndipo bawa moja, kisha la pili. Ukimkamata kwa taulo na kumvalisha kwa nguvu, utamvalisha mara moja tu, ya pili atakung'ata. Avae ndani ya nyumba siku kadhaa kabla ya kutoka nje. Kila unapomvalisha, pitisha vidole kwenye mishono yote: uzi uliotafunwa nusu hukatika siku ya upepo. Na kamba ifungwe kwenye kifundo cha mkono wako, usiishike vidoleni.

bawa_zima

Nyongeza, kwa kuwa hakuna mpango usiovuja. Yafanye haya sasa, angali nyumbani.

Rekodi kwenye simu sauti anayotoa akikuita ukiwa chumba kingine. Piga picha ya namba ya pete ya mguuni, na kama hana chipu ya utambulisho, muulize daktari kuhusu kumtia moja kwenye msuli wa kifua. Kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu Januari 2017, kwa hiyo karatasi zake zikae pamoja na namba hiyo. Ukija kutangaza amepotea, namba usiitangaze. Atakayepiga simu akidai anaye, mwache akusomee yeye.

Akiruka, usimkimbize wala usipige kelele. Mtu mmoja amfuate kwa macho tu bila kugeuka, mwingine alete tundu lake, bakuli na tuzo. Litegeshe tundu mahali pa wazi anapoweza kupaona, mlango wazi. Cheza ile sauti, nyamaza, sikiliza. Wengi hugunduliwa walipo kwa kujibu kabla ya kuonekana kwa macho. Msimame mbali na mti ili ateremke taratibu, na fito ndefu au ngazi ziacheni, zitamsogeza mti wa mbali zaidi.

Jua likizama atatulia. Weka alama kwenye tawi alilolala, na uwe hapo kabla hakujapambazuka, maana akiamka ndipo anaita na ana njaa. Akishapanda mkononi, gumba lako likae juu ya vidole vyake, mkono uusogeze kifuani, na usimwachie mpaka milango yote miwili imefungwa.